Komeo Linalomtii Wifi

Jumatatu, 3 Februari
Dirisha limekataa tena kufunga. Jioni nanyanyuka kwenye cherehani, nasukuma komeo, wapi! Asubuhi lilikuwa laini kabisa. Narudi kutoka jikoni, nakuta limefungwa. Nani kafunga? Wifi Namsifu. Tuko wawili tu humu ndani tangu kaka yake, mume wangu, aondoke na lori.
Mimi linanikatalia, yeye linamtii. Kwa nini?

Jumanne, 4 Februari
Leo vilevile. Sijamuuliza. Nikimuuliza atajipanga.
Nje, chini ya dirisha, ukuta umelowa. Anafuta alama gani? Na mchana nimemwona anacheka na wale vijana wa bodaboda ng'ambo ya barabara. Humu ndani kuna vitambaa vya kwaya nzima, sare za Pasaka. Vikiibwa, mji huu wa Same nitauhama.

Jumatano, 5 Februari
Jua linazama, nasikia ko! Kimya. Ko! tena, palepale dirishani. Nimetoka mbio na mkasi mkononi. Hakuna mtu ila wifi na beseni.
"Unafanya nini hapo?"
"Napoza, wifi."
Napoza! Ananiona mtoto. Kubisha hodi kwa ishara, ndiyo kupoza? Nimechoka. Nina hasira.

Alhamisi, 6 Februari
Nimempigia mama mkwe, kule Vudee milimani. Nimemwambia yote, na mengine nimeongeza. Akasema nimrudishe.

Ijumaa, 7 Februari
Kaondoka na gari la Vudee. Hakulia, hakujitetea. Nikasema moyoni, mwenye hatia huyo. Sare ziko salama. Nafuu.

Jumamosi, 8 Februari
Komeo limekataa. Wifi hayupo. Vijana nao wako Hedaru mnadani tangu asubuhi.
Nimefunga kwa waya. Sina raha.

Jumapili, 9 Februari
Sikwenda ibadani. Alasiri nimeegemea bawa la chuma la dirisha nichungulie nje. Mama wee! Limeniunguza kiganja.
Nikakaa chini.
Madirisha haya tuliyang'oa kwenye nyumba yetu ya Vudee tulipohamia huku. Fundi wa kule aliyabana kabisa, ukungu usiingie, na mimi nilijisifu kwa majirani kwamba hata sindano haipiti. Kule ni baridi mwaka mzima. Huku hili nikaliweka upande wa magharibi. Desemba nikalipaka rangi nyeusi, eti lipendeze.
Chuma kinavimba kwa jua. Asubuhi kimepoa, kimesinyaa, kinaingia. Jioni hakina pa kuingia.
Nimechukua beseni. Nimemwaga maji. Bawa likalia lenyewe, ko! Mara nyingine, ko! Nikasubiri kidogo, nikasukuma komeo kwa kidole kimoja. Likaingia.
Kila jioni alikuwa ananifungia dirisha langu. Aliniambia anapoza. Nilimsikia.
Mjinga mimi. Mjinga na mdomo wangu.

Jumatatu, 10 Februari
Nimempigia mama mkwe kwanza, nikafuta kila nilichosema. Akampa wifi simu.
"Shikamoo, wifi." Adabu ileile.
Marahaba imetoka kwa shida. Nikamwomba radhi. Nikamwomba arudi. Nikasikia kuku wa mama mkwe nyuma yake.
Kisha akauliza, "Leo umelipoza?"
Nikasema bado.
"Basi kalipoze, jua litazama."
Nimelipoza. Limefunga. Hakusema kama atarudi.