Manyoya ya Fandogi

Isfahan, 3 Jumadil Awwal 1037

Dada Mahbanu,

Salamu tele, na baada ya salamu, mimi mzima ila baridi inaning'ata vidole. Mama hajambo? Ustadhi Qavam, mkuu wa karakana ya michoro, ananijaribu: nimchoree simba kwa wino. Akimpenda, nimepata kazi. Asipompenda, narudi Kashan kufuma mazulia na mjomba. Brashi yangu imekwisha, dada. Nikatie manyoya ya paka wetu Fandogi, yale marefu ya chini ya kidevu, uwape watu wa msafara, nifunge brashi mpya.

Mdogo wako,
Kiumars

Kashan, 14 Jumadil Awwal

Kiumars,

Salamu zimefika. Mama mzima, anakula kukushinda. Fandogi naye hajambo, ila akisikia mkasi anaparamia paa. Tangu utotoni mwake hujaacha kidevu chake kipate joto, na majirani wanauliza kama paka wetu ana upele. Haya, manyoya hayo, na mikwaruzo nimebaki nayo mimi. Lakini wewe, simba umemwona wapi?

Dada yako,
Mahbanu

Isfahan, 9 Jumadil Akhir

Dada yangu,

Hamjambo nyote? Nisamehe kwa kimya, nilikuwa naona aibu. Simba sijamwona popote. Nilimchora Fandogi, nikamkuza, nikamtia kishungi mkiani. Ustadhi akamtazama mbele ya mafundi wote, kisha akauliza, "Kijana, simba huyu kanyolewa kidevu na nani?"

Kweli, dada, nilimchora na kipara chake. Mimi nilidhani paka ndivyo walivyoumbwa. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akamwaga wino. Nikakunja karatasi niende zangu, machozi yananilenga. Ustadhi akanishika mkono.

"Kaa hapa. Paka wangu nyumbani ana kipara hichohicho, na mke wangu amenuna mpaka leo."

Nimepata kazi, dada! Mwaka mpya wa Noruzi nakuja.

Mdogo wako,
Kiumars

Kashan, 20 Jumadil Akhir

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na furaha imetuzidi. Mama amelia, nami nikamsaidia kulia. Njoo, pilau ya samaki inakungoja.

Fandogi amezaa. Mmoja ni mweupe pe, ana manyoya marefu kama hariri. Mama yao amewaficha mahali, nami napajua.

Sikwambii.

Dada yako,
Mahbanu