Wanawake Wasiopiga Kelele

Jumanne, 5 Julai 1955

Nimechemsha vyombo, nimekunja vitambaa, nimepangusa vitanda kwa dawa. Shuka hazikauki. Mvua tangu alfajiri, na baridi ya Eldoret haina huruma kwa mtu aliyezaliwa Maragoli. Mchana nimebadilishana zamu tena na Penina, mwanafunzi mwenzangu wa ukunga hapa hospitalini. Yeye kachukua chumba cha kuzalia, mimi nimebaki na mabeseni. Nilimwambia kichwa kinaniuma. Uongo.

Tangu Ijumaa siingii chumba kile ila kufagia. Acha niandike, labda litanitoka. Mwanamke wa Kinandi aliletwa kutoka shamba la Mzungu upande wa Moiben. Alikaa kitandani kimya, mikono mapajani, kama mtu anayengoja duka lifunguliwe. Nikamuuliza, akasema hajambo. Nikaamua bado sana, nikaenda kunywa chai. Niliporudi mtoto alikuwa juu ya blanketi. Mamake alikuwa amempokea kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto wa baridi, midomo ya buluu. Nilimsugua na kumsugua mpaka akalia. Yule mama hakunilaumu. Alinitazama tu.

Kwetu mwanamke akishikwa na uchungu humwita mamake, na mlima mzima unajua. Wanawake Wanandi hawalii. Msichana hufundishwa hivyo tangu utoto. Kupiga kelele ni aibu kwake na kwa mume. Nililijua hilo. Lakini masikio yangu yalikuwa yanangoja ukelele.

Alhamisi, 7 Julai

Sista, yule Mzungu mkuu wa wodi, ametuita wanafunzi baada ya maombi. Mwisho wa mwezi ataamua nani anabaki kuwa mkunga. Asiyefaa arudi kwao. Nadhani alinitazama mimi.

Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote. Mbona naikimbia?

Ijumaa, 8 Julai

Nimechelewa. Mvua haikunizuia, wala sikulala kupita kiasi. Nilikaa kitandani nimeshavaa, viatu miguuni, nikitazama mlango.

Sista akaniuliza swali kwa Kiingereza, mbele ya wote. Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza. Jibu nililijua. Nikaliacha lipite, nikajibu kama mtu asiyewahi kushika kitabu.

Penina ni wa Bunyore na mdomo wake hauna breki. Alinikuta nasugua beseni ambalo lilikuwa safi tangu asubuhi. "Dorika, hilo beseni likikuposa, usinisahau siku ya wali." Nikacheka. Kisha nikaona macho yake yalivyoingia ndani. Anafanya zamu zake na zangu. Anakohoa.

Nikaendelea kusugua.

Jumapili, 10 Julai

Kanisani sikusikia neno. Niliimba kwa sababu wengine waliimba.

Nimeelewa ninachofanya. Najiangusha mwenyewe kabla sijaangushwa. Nikifukuzwa kwa kuchelewa, watu watasema Dorika hakutaka. Nikibaki chumbani na mtoto akanifia mikononi, watasema hakuweza. Aibu ya kutotaka naimudu. Ile nyingine siimudu.

Najichukia. Na hata huku kujichukia ni uvivu. Jioni nzima nimejichukia na sikufanya lolote.

Jumanne, 12 Julai

Nimemwomba Sista anipeleke kwa dobi.

Alimaliza kuandika mstari wake. Halafu akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha Wazungu wa mashambani: "Wewe nasoma miaka mingi, sasa nataka fua shuka? Mimi hapana sikia hii maneno. Kuja tena Jumamosi. Kama Jumamosi nataka dobi, basi, dobi."

Nilitoka miguu ikiwa myepesi. Dakika moja hivi. Kisha ikawa mizito kuliko mwanzo.

Jumatano, 13 Julai

Penina alikuwa na mwanamke chumbani, akaitisha maji ya moto. Nikayapeleka. Nilikuwa karibu kushika mlango nitoke. Nikaona: Jumamosi naondoka hata hivyo, nina nini cha kuogopa? Nikakaa kwenye kigoda karibu na miguu ya yule mama.

Nilijikataza kusikiliza. Nilitazama.

Uso haukusema kitu, ulikuwa kama ukuta. Lakini vidole vya miguu vilijikunja, vikaachia, vikajikunja. Mwanzoni alikuwa anafukuza nzi na kunijibu. Baadaye nzi alitua juu ya jicho lake na hakumfukuza. Jasho likatoka juu ya mdomo, katika baridi hii. Shingo ikajaa. Nikamwambia Penina, "Sasa." Akasema, "Wacha wewe, bado." Sikunyamaza. Nikasema tena, "Sasa, Penina!" Akageuka, na kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana.

Wa kike. Alilia kabla hatujamgusa.

Huyu mama alikuwa anapiga kelele muda wote, kwa miguu. Yule wa Moiben vilevile, bila shaka. Mimi ndiye sikutazama.

Ijumaa, 15 Julai

Nitaandika haraka, mkono umechoka.

Penina kalala na homa. Kifua. Ni zamu zangu zilizomlaza, sitajidanganya. Sista alikuwa chumba cha upasuaji na daktari. Wodi nzima mimi peke yangu.

Baada ya chakula cha mchana mkokoteni wa ng'ombe ukaleta mwanamke na mama mkwe wake. Uzazi wa kwanza. Anaitwa Jerono. Mdogo kuliko mimi. Kimya kabisa. Mama mkwe akavua shuka lililolowa akaniambia, "Bado, binti. Huyu hana haraka. Nenda ukale." Kila kiungo changu kilitaka kumtii. Nilifika hata mlangoni.

Nikarudi. Miguu ya Jerono ilikuwa imejikunja kama ngumi.

Nikamwambia alale chali, kama tunavyofundishwa. Alilala. Nikangoja. Kila alipobanwa, mwili ulijaribu kuinuka na yeye akaurudisha chini kwa adabu, kwa sababu mimi nimesema. Hakuna kilichoendelea. Nikaona anaishiwa. Midomo ikapauka. Sista hayupo. Nilijisikia nikiondoka: dobi, shuka, maji ya sabuni, hakuna anayekufa kwa shuka.

Nikamwambia, "Inuka. Kaa unavyotaka."

Akapiga magoti. Mama mkwe alijua la kufanya, akamshika kwa nyuma chini ya makwapa. Mimi nikapiga magoti sakafuni nao. Kichwa kikaja. Kitovu kilikuwa kimezunguka shingo. Nikaingiza kidole, nikakilegeza, nikakivusha juu ya kichwa. Mabega. Halafu mtoto wote, mtelezo, mzito. Mvulana. Akalia kwa hasira.

Nikainua macho. Sista mlangoni, aproni ina damu ya upasuaji.

"Nani nasema yeye piga magoti?"

"Mimi, Sista."

Alikagua mtoto, akamkagua mama, akangoja kondo la nyuma litoke, akalikagua nalo. Mama mkwe alimwangalia Sista, akaniwekea mimi mkono begani, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu wetu ni mkali kidogo."

Jumamosi, 16 Julai

Nilikwenda. Aliniuliza, "Dobi?" Nikasema hapana. Nikasema kwa Kiingereza, sentensi nzima, bila kumeza neno.

Alinigombeza sana kwa sababu ya magoti. Katika wodi yake, alisema, nikibadilisha utaratibu nimwite kwanza, hata akiwa upasuaji, hata akiwa kaburini. Sikulia wala kujieleza sana. Nilimweleza kuhusu vidole vya miguu. Mwishowe akasema nibaki mpaka mwisho wa mwezi, ataona. Hakuahidi kitu.

Nilidhani nitafurahi. Nina hofu ileile. Imehama tu kidogo, imenipa nafasi ya kupita.

Jioni nilimpelekea Penina uji. Nikamwambia kichwa hakikuwa kinauma siku zile zote. Akasema alijua. "Ulidhani mimi mjinga? Ukipata nguvu za kusema uongo mzuri, utaniambia." Kisha akasema zamu zangu nizirudishe zote, na yeye atalala. Ni haki yake.

Jumatatu, 18 Julai

Mvua imepungua. Hakuna aliyezaa leo. Wanawake wawili wanangoja. Nilikaa nao mchana kutwa, nikishona soksi. Mmoja alinifundisha salamu ya Kinandi, nikaitamka vibaya, wakacheka mpaka mwenye tumbo kubwa akashika kiuno. Nilitazama miguu yake. Ilikuwa imelegea. Kicheko tu.

Sista alipita mara moja, akafungua dirisha, akaenda zake.

Zamu ya kesho asubuhi ni yangu. Ninalala.