Nimenunua Pikipiki, Usishtuke

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Anua nguo, mawingu ya leo hayaaminiki. Na hiyo alama ya tairi uani ni yangu: nimenunua pikipiki! Ya mkono wa pili, nyekundu, kiti kina kiraka, lakini injini nzima.

Asubuhi nilikwenda kuiangalia na fundi wetu. Muuzaji akaniuliza, "Mama, si umlete mzee aijaribu?" Nikagusa injini, nikaikuta ina joto. Nikamwambia, "Umeiwasha kabla hatujafika. Tunasubiri ipoe, nione kama inawaka ikiwa baridi." Ilipopoa nikaipiga kiki mwenyewe, ikawaka papo hapo. Nikaachia klachi haraka, ikaruka kama mbuzi na kuzimika. Nikarudia, ikaenda, nami juu yake, napiga vigelegele ndani ya helmeti!

Jana ulinicheka mbele ya mdogo wako, eti mimi na magurudumu wapi na wapi. Iliniuma. Wiki iliyopita nilikwenda kwa miguu kumzalisha mama mmoja, nikamkuta peke yake sakafuni, mtoto keshazaliwa. Wako wazima, Mungu mkubwa. Lakini mkunga gani anayefika kupongeza tu?

~~Usinifuate.~~ Niko uwanja wa shule, fundi ananifundisha kukata kona. Njoo, natafuta abiria wa kwanza. Fundi amekataa kupanda nyuma yangu, anasema ana familia. Wewe familia yako ndiyo mimi, huna pa kujitetea.

Mama watoto