Mstari Kwenye Umande

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Kanduyi sote tu wazima, na mama yako amemaliza kuvuna maharagwe. Barua yako kutoka Nairobi imenifikia. Unauliza mbona mpira wako wa gofu unapita kando ya shimo hata likiwa hatua mbili tu.

Nilipokuwa msichana nilifanya kazi kwenye uwanja wa gofu kule Kitale. Kila asubuhi nilipangusa umande kwenye nyasi fupi zinazozunguka shimo, kwa ufito mrefu wa mwanzi. Sisi wafanyakazi tulikatazwa kucheza. Ukishikwa, kazi imeisha. Siku moja ukungu ulishuka hata miguu yangu niliiona kwa shida. Nikaokota mpira uliosahauliwa, nikausukuma kwa kitako cha ufito. Ukakosa shimo, ukaacha mstari wa kijani kwenye umande mweupe.

Kabla sijaufuta, mkata nyasi akatokea ukunguni. Nikaganda. Aliufuata ule mstari kwa macho, polepole, kisha akasema, "Umepinda hapa mwanzoni, si kule shimoni. Si uliinua kichwa kuchungulia?"

Nikarudia, macho chini. Sikuona kitu. Nilisikia tu mpira ukitumbukia.

Akachukua ufito wangu, akafuta mistari yote miwili, na hakumwambia mtu maisha yake yote. Mkata nyasi huyo ndiye babu yako.

Basi Jumamosi ukicheza, usichungulie. Sikiliza tu.

Ni mimi nyanya yako, kukhu, ninayeamka bado na umande.