Sweta ya Kwenda Afrika Kusini

Jumanne, Dagoretti

Na vile nilikuwa nimepanga vizuri. Nadharia nisomee hapa Nairobi, saa za kurusha ndege nikazimalizie Afrika Kusini, kisha nirudi nibadilishe leseni ya urubani iwe ya Kenya. Mwaka mzima nalinganisha shule za huku na kule. Daktari wa macho nikamwacha wa mwisho.

Leo huko Hurlingham amenifungulia kitabu cha vitone vya rangi. Niliona vitone tu. Yeye anasema ndani kuna namba.

"Nyekundu na kijani zinakuchanganya," akasema.

Nikamuuliza kama madaktari wa kule wangenipitisha.

"Kijana, hata uvuke mipaka mingapi, macho ni yale yale."

Labda niruhusiwe kurusha mchana tu, maana usiku kuna taa nyekundu na za kijani. Hata hilo hakuahidi.

Nyumbani nimemkuta mama ameshaalika akina mama wa kanisa waje Jumapili kuniombea safari. Amenifumia na sweta, maana amesikia kule kuna baridi.

"Rangi umeipenda?"

"Imetoka poa, Mum."

Sikuweza kumwambia. Kesho labda, au...

Nimeivaa hadi sasa. Ningeiona asubuhi, kabla ya kile kitabu, ningeapa ni ya kijani.