Mahali Uliponyamaza

Amalemba, Kakamega
2 Februari 2025

Mpwa wangu Laila,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima na joto la Hyderabad halijakumaliza. Huku hatujambo, ila goti langu linalalamika, na hilo lilianza kulalamika kabla hujazaliwa. Barua hii nimeiandika kwa mkono. Nabwire mwenye saiba, lile duka la intaneti, ataipiga picha akutumie, maana vidole vyangu na simu havipatani.

Nina ombi. Unajua nilikulea kwa ukumbi wa video pale nyuma ya soko. Injinia mmoja Mhindi wa kiwanda cha sukari aliporudi kwao aliniachia katoni ya kaseti, thelathini na moja, zote za Kitelugu. Nilimpelekea mwenye duka la vitambaa, Mhindi pia, anifasirie. Akasikiliza dakika mbili akasema, "Hii si lugha yetu, Osman. Hata mimi naskia tu kama wewe." Basi nikashika maiki nikatunga mwenyewe. Miaka kumi na miwili niliwaeleza watu wa Kakamega maneno nisiyoyajua, na hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio.

Sasa wewe uko kwenye mji wao. Kaseti zile zote zina alama moja: taa ya mafuta katikati ya tausi wawili. Watafute watu wa taa hiyo. Ni akina nani? Walianzaje? Na yule mwenye masharubu anayeitwa "mama" katika kila filamu, kwa nini? Mimi niliwaambia wateja kwamba huko mwanamume akifuga masharubu ya kiasi hicho huheshimiwa kama mzazi wa kike. Jambo hili linanisumbua. Nataka kujua kama nilibahatisha hata kidogo.

Wako mjomba,
Osman


Hyderabad
9 Machi 2025

Mjomba Osman,

Waaleikum salaam. Mimi mzima. Masomo ya famasia yananikaba lakini sijalia bado. Ile dawa ya goti ujipake, usiiweke tu dirishani.

Nimewapata. Studio iko uani mwa nyumba ya watu, nyuma ya duka la matairi, na taa na tausi wako mlangoni, rangi imebanduka. Mwenye nyumba ni bibi wa miaka sabini na minane, Sarojamma, na Kiingereza chake kinashinda changu. Baba yake alikuwa fundi wa baiskeli. Alinunua projekta mbovu, akaitengeneza kwa minyororo na spoku, akawa anaizungusha vijijini kwa mkokoteni wa ng'ombe. Halafu akajiuliza, kwa nini nionyeshe za wengine? Wakajenga banda uani. Kaka mtu alishika kamera, shangazi akashona mavazi, mama akapikia watu arobaini kila siku. Sarojamma alianza akiwa na miaka sita, na kazi yake ilikuwa kufukuza kuku wasiingie kwenye picha. Siku hizi wajukuu wanalikodisha banda kwa harusi na matangazo ya sabuni.

Kuhusu masharubu: "mama" kwa Kitelugu ni mjomba. Kaka wa mama. Yule mzee ni mjomba wa mtu kila filamu. Kwa hiyo huku wewe ningekuita mama, na nikikumbuka ni nani alinisuka nywele mpaka darasa la nane, naona hawajakosea.

Hawakuamini kwamba filamu zao zilifika Kakamega. Nikawatajia majina uliyozipa. Nilipofika kwa "Mjane na Ng'ombe Mweupe", nikaeleza kisima na ule wimbo, Sarojamma akasimama. Hiyo hawana. Mafuriko yaliingia stoo wakabaki bila nakala. Na ndiyo filamu pekee ambamo mama yake aliimba. Mwimbaji aliugua siku hiyo, yeye akaitwa kutoka jikoni, na jina lake halikuandikwa. Bibi ameitafuta sauti hiyo miaka ishirini, na hana nyingine ya mama yake.

Mjomba, unayo?

Mpwa wako,
Laila


Amalemba
6 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Salaam nyingi. Idi ilipita salama, tulichinja kuku wawili, ingokho wa kienyeji, na majirani wakala kuliko sisi. Najua nimekawia. Goti halina kosa, nilikuwa najificha.

Ninayo. Lakini sikiliza kwanza. Mwaka 2003 watu wa Lumakanda walitaka filamu ile, na mimi nisingeweza kuwa katika kumbi mbili kwa wakati mmoja. Mathew, yule fundi redio aliyesomea chuo cha Sigalagala, akaunganisha mashine mbili Jumapili mchana, ukumbi ukiwa umejaa, akaweka maiki mezani pangu. Picha ikanakiliwa kutoka kwenye filamu, sauti ikatoka kwangu na kwa chochote kilichosikika ukumbini. Kaseti ya kwanza baadaye ilitafunwa na mashine. Iliyobaki ni ile yenye mdomo wangu, waliyonirudishia watu wa Lumakanda.

Nawe unanijua. Wateja walikuwa wakisema, "Osman hanyamazangi hata akikunywa chai." Nilikuwa nikijisifia hilo. Sasa naona nimemfunika mama wa watu kwa domo langu, saa mbili na nusu mfululizo, nikisema mambo ya kubuni. Nilifikiria kukwambia imepotea. Naona aibu, Laila. Nishauri.

Mjomba wako,
Osman


Hyderabad
7 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimeshamwambia Sarojamma ukweli wote, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta uongo. Aliuliza swali moja tu: mjomba wako huvuta pumzi wapi? Anachotaka ni mahali uliponyamaza, hata kama ni sekunde mbilimbili. Atazipanga.

Kipruto ninayesoma naye yuko kwao Lugari na anarudi tarehe ishirini. Atapitia kwako. Ifunge vizuri, isiloe.

Laila


Amalemba
19 Mei 2025

Mpwa wangu Laila,

Hujambo huko? Sisi tupo. Kipruto aliichukua kaseti na akanywa chai vikombe vitatu, kijana mstaarabu. Huu ni mwezi mzima na hujasema neno. Mimi mwenyewe sijaisikiliza tangu mashine yangu ife mwaka 2008, lakini nimekaa nikijaribu kukumbuka nilipumzika wapi, na sipaoni. Kama hawakupata kitu, niambie tu. Mkuki kwa nguruwe, na leo nguruwe ni mimi.

Mwambie bibi kwamba sikujua kuna mtu pale chini ya sauti yangu.

Osman


Hyderabad
25 Mei 2025

Mjomba wangu,

Sijambo, na samahani. Kaseti ilikuwa na ukungu. Mjukuu wa Sarojamma aliisafisha kwa pamba siku tisa, kisha tukatafuta mashine ya kuicheza mji mzima.

Jana mchana tuliketi bandani, watu kumi na mmoja. Ukaanza kusema na hukusita. Uliwaambia wateja kwamba yule ng'ombe ni shemeji wa mjane aliyerogwa. Ukumbi ukacheka, na hawa wakacheka pamoja nao bila kuelewa hata neno. Sarojamma alishika kalamu, akaandika kila ulipovuta pumzi. Baada ya saa nzima alikuwa na sekunde kumi na nne, nazo ni za muziki tu na mbwa mmoja. Nilitamani kutoka nje.

Kisha mjane akafika kisimani. Wimbo ukaanza, nawe ukaendelea kueleza bei ya ndoo. Ndipo mwanamke mmoja ukumbini, karibu na mlango, akasema kwa sauti kubwa: "Osman, si unyamaze kidogo. Wacha tuskie huyu mama vile anaimba."

Watu wakacheka. Nawe ukanyamaza, wimbo mzima, dakika nne na nusu.

Sarojamma aliiacha kalamu. Hakulia, alikuwa anatamka maneno pamoja na mama yake, taratibu, na wanawe walikuwa wakimwangalia yeye badala ya picha. Ulipomalizika akaomba urudiwe, kuanzia kwa yule mwanamke wa mlangoni. Aliniuliza ni nani, amshukuru.

Nikamwambia nitakuuliza wewe. Mjomba, nilikuwa na miaka miwili tulipomzika mama, na sina sauti yake popote. Nimerudia sentensi ile mara nyingi sana tangu jana. Naogopa kudhani. Ni nani?

Laila


Amalemba
26 Mei 2025

Laila mwanangu,

Ni yeye. Ni Ayesha, mama yako. Alikuwa akikaa benchi la nyuma karibu na mlango, wewe ukiwa mgongoni, ili ukilia atoke. Hakuna mwingine aliyethubutu kunikemea nikiwa na maiki.

Nilimkasirikia siku ile. Aliniaibisha mbele ya wateja, na sikumsemesha mpaka Jumatano. Nilinyamaza kwa kununa, mwanangu, si kwa heshima ya wimbo. Mwaka uliofuata alifariki, nami nikayasahau yote, na kaseti ilikaa chini ya kitanda changu miaka yote hiyo. Mwambie Sarojamma asinishukuru mimi.

Wimbo ni wao, wabaki nao. Mimi nikatie kipande kile cha kabla yake tu, anaponikemea. Niko hapa saiba kwa Nabwire, nimekaa, nangoja.

Mjomba wako,
Osman