Daraja la Bibi Noëlie

Jumanne, 2 Julai 2024

Wamerudi. Nzi na waendesha baiskeli – joto likiingia, na wao hao. Na wote wawili hufuata maiti! Maana hawa wetu wanaingia hadi makaburini. Mtu katoka Ubelgiji kwao, baiskeli bei ya trekta, halafu anakinga maji ya bure kwenye bomba la marehemu. Kahawa ya pale mkahawani hanunui. Choo cha mkahawa anakitumia.

Leo walikuwa wanne, kaptula zimewabana kama soseji. Wamenikuta nafyeka majani kati ya makaburi – kibarua cha kijiji, tangu shule ya kilimo initimue. (Sikufeli. Tulitofautiana.) Mmoja akaniuliza mto uko wapi. Mto! Unasikika! Nikamwambia, fuata pua yako, kiongozi, ikilowa umefika. Wenzake wakacheka. Yeye bado anafikiria.

Bibi Noëlie ndiye anayewapenda. Kila asubuhi yuko pale na kopo lake, anamwagilia maua ya babu Firmin, na kila mwenye kiu anamwelekeza njia, mkono umenyooka kama wa askari wa trafiki.

"Teremkeni moja kwa moja, wanangu, mvuke daraja. Mtafika Lacombe, ng'ambo, jasho halijakauka."

Daraja! Lilibomolewa mimi bado nang'oka meno ya utotoni. Imebaki nguzo moja huku, moja kule, na katikati mto Lot unapita zake. Wakashukuru, wakateremka kwa mbwembwe. Nimecheka mpaka nikazima mashine.

Ulimwengu mzima, mchokozi wa kunishinda ni mmoja, na ndiye aliyenilea.


Alhamisi, 4 Julai

Leo Waholanzi. Baba, mama, na watoto wawili kwenye kigari cha nyuma kama viazi vya kupeleka sokoni. Wakateremka, wakapanda tena, baba mwekundu kama nyanya. Bibi akawauliza kwa upole: "Mmesahau kitu, wanangu?"

Wacha! Bastien, anayeleta mkate na gari, alikuwa ameegesha langoni. Akajishika mbavu.

"Mwana, bibi yako shetani!"

"Damu hiyo," nikamjibu. "Inapita kwa mjukuu."


Jumamosi, 6 Julai

Si mzaha.

Mchana, kwenye supu, bibi akaangalia dirishani, akasema babu amechelewa. Nikasema, amechelewa wapi? Akasema, darajani, si anapaka rangi, mwaka huu kaanzia upande wa Lacombe. Nikauliza rangi gani. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Kijani. Kila mwaka kijani. Kula, Lolo."

Baada ya kahawa akaniambia maua ya kaburini yamechoka, Jumatatu tununue mengine. Sawasawa kabisa, kama mtu aliyerudi kutoka dukani.

Babu kafa Januari. Supu sikuimaliza.


Jumapili, 7 Julai

Shangazi Maryse kaja kula. Yuko ofisi ya watalii mjini na beji haivui hata mezani, tusije tukamsahau. Sauti yake ya kikazi! Eti mto wetu si mto, ni "bidhaa". Mimi ni nani sasa? Kifungashio?

Bibi alipoingia jikoni kutoa bata, shangazi akainama kwangu. Nyumba ya wazee mjini ina chumba kitakachokuwa wazi. Dirisha linatazama maegesho ya magari. Na nyumba hii, akasema, ingefaa sana kwa wageni wa baiskeli. Ghala la mvinyo la babu liwe mahali pa kuoshea baiskeli. Chumba changu kina mwanga mzuri.

Chumbani kwangu! Yalale mapaja yale yaliyonyonyolewa kama kuku!

Halafu akatoa simu. Kwenye ramani ya safari ya waendesha baiskeli watu wawili wameandika: jihadharini, Saint-Ayrac kuna kikongwe makaburini anawapeleka watu kwenye daraja lisilokuwepo.

"Ni mama?"

Nikasema kijiji kimejaa vikongwe, na wote wachokozi.

"Loris. Nimekuuliza."

Nikatafuna mkate. Akasema likija lalamiko moja tena, mwezi wa nane anamhamisha. Bibi akatoka na bata, akauliza mbona tumenyamaza, kwani kuna msiba?


Jumatano, 10 Julai

Nimemwambia bibi bomba la makaburini limekatika. Akaenda na maji yake kutoka nyumbani. Nimejaribu kuwaelekeza mwenyewe kabla hawajamfikia – wananitazama mimi, wanamtazama yeye, wanamwamini yeye. Nani amwamini kijana mwenye mashine ya kufyekea?

Bibi hazuiliki. Baiskeli hazizuiliki. Daraja silijengi.

Ila ng'ambo ipo bado.

Nimeitoa mashua ya babu kwenye miiba, ile yake ya kuvulia, tumbo bapa. Nimeipaka lami siku mbili. Inavuja kidogo, kama mimi nikinywa. Asubuhi Bastien akanikuta chini ya nguzo ya daraja.

"Unafanya nini?"

"Mimi ni daraja."

"Umelewa, mwana."

Mara wakateremka Wajerumani wawili, wazee, wamevaa fulana zinazofanana kama mapacha wa mtaani. Wakatafuta juu, wakatafuta chini. Daraja liko wapi? Nikawapandisha na baiskeli zao, nikashika makasia. Katikati ya mto yule bwana akauliza tena, daraja liko wapi, bibi alisema kuna daraja.

Nikamwambia, "Umelikalia."


Jumapili, 14 Julai

Wenzangu wako kwenye fataki na muziki. Mimi viganja vimechubuka. Sikukuu njema, Ufaransa – leo nimevusha Waingereza, Waswisi na Mtaliano aliyelala mashuani kama mtoto.

Na sipokei hata senti. Nikipokea, askari watauliza kibali. Wananipa chokoleti iliyoyeyuka mifukoni mwao. Mifuko iko mgongoni! Nani anaweka mfuko mgongoni?


Jumatatu, 22 Julai

Balaa. Nimekuwa maarufu.

Mama mmoja wa Liège kanionyesha kwenye simu yake. Malalamiko yale kuhusu bibi yamezama chini kabisa. Juu yake nyota tano, tano, tano. "Muulize njia bibi mkarimu makaburini, ni mzaha wao wa kienyeji, kisha umpate mvushaji. Jeuri kupindukia. Usimkose." Jeuri kupindukia! Nimelisoma mara nyingi hilo.

Sasa wanakuja kwa makusudi. Foleni! Wanataka picha. Mwanamke mmoja ameniomba nimtukane mumewe kama nilivyomtukana mume wa rafiki yake wiki jana. Nikamwambia siwezi kuongeza kitu, mama, hiyo fulana imeshamaliza kazi. Wakacheka wote wawili! Watu hawa huwezi kuwaumiza. Unawarushia mawe, wanaokota kama kumbukumbu ya safari.

Basi daftari hili nalifungia kwenye boksi la samaki la babu, naandika humu mashuani nikisubiri. Lakini bibi hadanganyi mtu tena. Anasema teremkeni mvuke, wanateremka wanavuka. Nani atasema amekosea?

Daraja langu halina rangi ya kijani, hilo tu.


Ijumaa, 26 Julai

Mchana aliteremka mzee wa Kidenmaki, mwembamba kama spoki, na chupa ya jamu mkononi – jamu ya plamu, plamu zetu wenyewe, naujua mwandiko wa kibandiko. Akasema kwa Kifaransa chake cha kubomoka: bibi kule juu amesema mpe Firmin, yuko darajani. Firmin ni wewe?

Nikamwambia ni mimi.

Nimemvusha. Sikumtania hata neno moja. Akadhani labda amekosea mahali, akaniandikia nyota tatu.


Jumapili, 28 Julai

Asubuhi aliteremka mwanamke peke yake, baiskeli ya umeme, helmeti mpya, miwani myeusi ya kufunika nusu ya uso, nguo za rangi ya ndimu. Nikajisemea, haya, limao limeiva. Nilikuwa nimeshaandaa maneno.

Akasema, "Nivushe, Loris."

Shangazi Maryse! Bila beji!

Nikapakia baiskeli. Akakaa nyuma, ananitazama. Katikati ya maji ndipo akasema. Alisikia ofisini habari za mvushaji jeuri, akajua ni nani, hakuna wawili. Akaja kama wateja wake wanavyokuja, aone kwa macho yake. Akasimama bombani, akajaza chupa. Mama yake alikuwa pale na kopo.

"Akaniambia, teremka tu, madame, uvuke daraja. *Madame*, Loris. Akaniuliza natoka nchi gani."

Nikaacha makasia. Mashua ikaanza kwenda na maji yenyewe.

"Ni helmeti," akasema. "Ni miwani. Sivyo? Niambie ni helmeti."

Mimi ndiye ninayesema kila siku kwamba hawa watu wanafanana kama mayai kwenye trei. Nimeshalisema mbele ya kijiji kizima. Basi nikasema:

"Ni helmeti, shangazi. Mkivaa hizo hata mama mzazi hawatambui."

Mara ya kwanza kumwambia mwenye baiskeli kitu anachotaka kusikia. Hakucheka. Akasema yeye si jiwe, lakini kama mama hamjui mwanawe, kesho anapiga simu nyumba ya wazee, chumba kisije kikachukuliwa. Akauliza hii ya mashua ilianza lini. Nikasema babu aliniachia. Akasema, "Muongo wewe," lakini taratibu.

Nimemshusha ng'ambo. Amekaa kwenye jiwe chini ya nguzo ya upande wa Lacombe, baiskeli imelala kwenye nyasi, hatazami simu. Mimi nimerudi huku. Nikafungua boksi nikaanza kuandika haya.

Na sasa –

Bibi anateremka. Kwenye njia, na kikapu, na viatu vya kanisani! Hajateremka huku tangu mazishi. Ameniona, amepunga mkono.

"Lolo! Sogeza hicho chombo! Naenda kumchukua Maryse, mafundisho ya dini yamekwisha, atasimama peke yake kule!"

Maji hubeba sauti. Ng'ambo shangazi amesimama.

Bibi hana haraka, ameona mnanaa kando ya njia, anachuma, anaunusa, anatia kikapuni. Nina dakika hizi tu. Nimekausha benchi kwa fulana yangu. Nikimwambia hakuna Maryse mdogo kule, itakuwaje? Nikimwambia yupo?

Haulizi daraja limeenda wapi. Anaangalia mashua kama kitu alichokipanda jana.

Ng'ambo shangazi amevua miwani. Sasa anahangaika na kamba ya kidevuni, inamshinda, hawa watu hata kufungua kamba – imefunguka. Ameivua. Nywele zimesimama upande mmoja. Ameishika helmeti mbele ya tumbo kwa mikono miwili, kama mtoto na mkoba.

Bibi amefika. Ananipa kikapu nimshikie.

Mpiga makasia hugeuzia mgongo anakokwenda. Shangazi sitamwona. Njia nzima nitauona uso wa bibi tu.